UZI: Nyimbo za matangazo ya pombe kwenye TV ya Japani – zipi zimedumu, na zilitengenezwaje?

Santuri_Kuukuu

Wakuu, salaam. Hapa tuchambue nyimbo za matangazo ya wiski, bia, sake (pombe ya mchele) na shochu (pombe kali ya Kijapani) kwenye TV ya Japani: nani katunga, nani kaimba, kilikuwa kinywaji gani, na kwa nini watu bado wanauimba wimbo wakati tangazo lenyewe lilishatoka hewani zamani.

Msimamo wangu nauweka mapema, anayetaka kupinga apinge. Wimbo wa pombe unaodumu ni ule ambao ukiuondolea jina la kinywaji unabaki wimbo kamili.

Naanza na Suntory Old, ile wiski ya chupa nyeusi ya duara ambayo Wajapani huiita Daruma kwa utani, jina la mwanasesere wa duara. Wimbo wake ni "Yoru ga Kuru", yaani usiku unaingia, na ulianza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtunzi ni Kobayashi Asei (1932–2021), mtu wa matangazo hasa. Ndiye aliyetunga pia ule wimbo wa mti mkubwa wa Hitachi wa mwaka 1973, na "Kita no Yado kara" uliompatia Miyako Harumi tuzo kuu ya rekodi ya Japani mwaka 1976.

Sikilizeni alivyoujenga. Gita linatembea taratibu, kisha inaingia sauti nzito ya mwanamume inayoimba silabi tupu, hakuna neno hata moja lenye maana. Hakuna bei, hakuna sifa ya wiski, hakuna "nunua". Kwa kuwa hakuna maneno, hakuna kitu cha kuchakaa. Lugha ya mtaani ikibadilika, wimbo hauguswi. Kampuni imeurekodi upya mara kadhaa kwa sauti na vyombo tofauti, na bado ukipigwa sekunde tatu tu mtu anajua ni Old. Mwaka 1980 wiski hiyo iliuza zaidi ya kasha milioni 12, na huo ndio wimbo uliokuwa ukisikika sebuleni.

FundiMitambo

Mkuu Santuri, umeanza vizuri. Mimi niongezee upande wa saa, maana bila kuuelewa huwezi kujua kwa nini nyimbo hizi zina umbo lile.

Tangazo la kawaida Japani ni la sekunde 15, na refu ni la 30. Lakini sauti haijazi sekunde zote. Kwa utaratibu uliorithiwa tangu enzi za filamu, nusu sekunde ya mwanzo na nusu sekunde ya mwisho huachwa kimya ili matangazo yasigongane yanapounganishwa. Kwa hiyo mtunzi ana sekunde 14 kwenye tangazo fupi na 29 kwenye refu. Hesabu yote inaanzia hapo.

Chukua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Sekunde 14 ni mapigo 28, sawa na mafungu saba ya mapigo manne manne. Sasa sikio la msikilizaji linatarajia mafungu manne au manane, si saba. Ukilazimisha manane ndani ya sekunde 14 inabidi uende mapigo 137 kwa dakika, na kwa wiski hiyo ni mbio. Njia inayofaa kinywaji cha usiku ni kushuka: mapigo 68 hadi 69 kwa dakika yanakupa mafungu manne kamili ndani ya sekunde 14. Kwenye tangazo la sekunde 30, mwendo wa 67 unakupa mafungu manane kwa sekunde 28.7 hivi, na inabaki theluthi ya sekunde ya mwangwi kufifia.

Kinachoharibika mara nyingi ni tangazo la 15 linapotengenezwa kwa kukata lile la 30. Mstari wa sauti unakatwa katikati ya pumzi, au mwangwi wa noti ya mwisho unakatika ghafla kama mtu kazima swichi. Watunzi wazoefu huandika mafungu manne ya mwisho yakiwa na mwanzo wake yenyewe, ili fundi wa uhariri aanzie hapo bila kuomba samahani kwa mtu.

Mwana_Tarumbeta

Naomba ufafanuzi. Ile mapigo 68 ni ya bia pia? Bia si ya kuchangamka?

FundiMitambo

Hapana dada, bia huenda tofauti. Wengi huchukua mwendo wa 96 mpaka 110. Kwa 96, mafungu matano ya mapigo manne yanakula sekunde 12.5, unabaki na sekunde moja na nusu ya jina la bia kutajwa. Matano hayaleti shida kama la tano ni la ala tupu, maana sikio linalihesabu kama mlango wa kutokea.

Jambo lingine la kuangalia ni barafu. Mlio wa barafu kwenye glasi uko juu sana, kwenye maelfu ya hezi, sehemu ileile wanayokaa matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Ukirundika vyote, barafu haisikiki na tangazo la wiski linapoteza nusu ya uhai wake. Ndiyo maana kwenye matangazo mengi mazuri ya wiski ngoma zinapigwa kwa brashi au hazipo kabisa.

Santuri_Kuukuu

Naendelea na kibao cha pili, "Uisukii ga, Osuki Desho". Kilitengenezwa kwa wiski ya Suntory Crest ya miaka 12, tangazo la mwaka 1990, na santuri ikatoka 1991. Mashairi ni ya Taguchi Shun na muziki wa Sugi Masamichi. Aliyeimba ni Ishikawa Sayuri, mwimbaji mkubwa wa enka (nyimbo za Kijapani za hisia nzito), yule wa "Tsugaru Kaikyo Fuyugeshiki" ya 1977. Lakini hapa jina liliandikwa SAYURI kwa herufi za Kirumi, na uimbaji ni wa jazi ya baa, si ule mtetemo wa koo wa enka. Ameivuta sauti karibu na maikrofoni, anaongea zaidi kuliko kuimba. Jina la Crest halimo ndani ya wimbo. Limo neno wiski tu.

Hapo ndipo faida ilipokuja kuonekana. Crest haikutamba, na soko lote la wiski Japani lilikuwa likishuka tangu kilele cha mwaka 1983. Ulipofika mwisho wa miaka ya 2000, Suntory walitaka kuinua Kakubin, chupa ya pembe nne iliyokuwa sokoni tangu 1937, kwa kuiuza kama haiboli: wiski na soda. Hawakutunga wimbo mpya. Waliuchukua uleule, wakauhamishia kwenye chupa nyingine, bei nyingine na watu wa rika jingine, wakamweka mwigizaji Koyuki nyuma ya kaunta. Baadaye wakafuata Kanno Miho na Igawa Haruka kwenye nafasi hiyohiyo, na uimbaji ukabadilishwa pia, pakiwemo rekodi ya Takeuchi Mariya. Kama wimbo ungetaja Crest, ungezikwa na Crest.

Na picha inafundisha kazi: jaza glasi barafu hadi juu, mimina wiski, ongeza soda baridi kwa kipimo cha moja kwa nne, koroga mara moja tu. Mwendo wa wimbo unatosha kuonyesha hatua hizo bila kukimbizana.

Kisauti

Kaka Santuri, hapo nakupinga. Kizakura unaiweka wapi? Sake ya Fushimi, Kyoto. Tangu mwaka 1955 wana kappa, yule kiumbe wa mtoni mwenye kisahani cha maji kichwani, aliyechorwa na Shimizu Kon, na baada ya Shimizu kufariki 1974 akaendeleza Kojima Ko. Wimbo wao umejaa jina la kampuni na silabi za kappa zinazorudiwarudiwa. Wajapani wa umri fulani wanauimba wote. Jina limo, na umedumu.

Ongeza Ozeki, ya Nishinomiya, watu wa One Cup, ile glasi ya mililita 180 iliyotoka Oktoba 1964 wakati wa Olimpiki ya Tokyo. Wimbo wao "Sake wa Ozeki Kokoroiki" uliimbwa na Kato Tokiko, na muziki ni wa huyohuyo Kobayashi Asei uliyemsifu. Jina la sake liko kwenye kichwa cha wimbo kabisa!

Santuri_Kuukuu

Hoja nzito hiyo, na naikubali kwa sehemu. Kuna nyimbo zenye jina zilizodumu. Ila tazama zinadumu wapi. NHK, shirika la umma, haliruhusiwi kisheria kutangaza biashara ya mtu, kwa hiyo wimbo wenye jina la kampuni hauna njia ya kuingia huko kama ulivyo. Na NHK ndiyo yenye lile onyesho kubwa la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya. Wimbo wa Kizakura unadumu ndani ya tangazo la Kizakura. Wimbo usio na jina unatoka nje, unaingia redioni, kwenye karaoke na kwenye majukwaa yote, na kila ukipigwa mtu anaikumbuka chupa. Tofauti ni hiyo.

Mfano wa katikati ni Kikumasamune, sake kavu (isiyo tamu) ya Nada, eneo maarufu kwa sake. "Hajimete no Machi de", kaimba Nishida Sachiko, mashairi Ei Rokusuke, muziki Nakamura Hachidai. Hao wawili wa mwisho ndio waliotunga "Ue o Muite Aruko", uliofika namba moja Marekani mwaka 1963. Wimbo unamfuata mtu aliye katika mji asioufahamu, na kwenye tangazo jina la sake linakuja mwishoni kabisa. Ukilikata jina, hadithi ya mtu yule inabaki nzima.

Mwana_Tarumbeta

Na ile ya pengwini? Wengi wanaijua picha, hawaijui historia.

Kisauti

Hiyo ni "Sweet Memories", 1983, bia ya makopo ya Suntory iliyoitwa CAN Beer. Katuni ya pengwini: jukwaani klabu ya jazi, pengwini wa kike anaimba, na mmoja anayesikiliza anatokwa na machozi. Kilichoimbwa kwenye tangazo ni sehemu ya Kiingereza, na mwanzoni jina la mwimbaji halikuandikwa kwenye skrini. Watazamaji wakadhani ni mwimbaji wa jazi wa ng'ambo, wakaanza kuuliza ni nani. Alikuwa Matsuda Seiko, nyota wa vijana mwenye miaka 21, ambaye hakuna aliyemtarajia kwa sauti ile ya chini. Baadaye jina likawekwa.

Matokeo yake yako kwenye chati. Wimbo ulikuwa upande B wa "Glass no Ringo", santuri iliyotoka tarehe 1 Agosti 1983, na upande A ulitungwa na Hosono Haruomi. Santuri ilishafika namba moja na kushuka. Tangazo lilipovuma, ikapanda tena mpaka namba moja Oktoba, na matoleo yaliyofuata yakazihesabu pande zote mbili kuwa A. Mashairi ni ya Matsumoto Takashi, muziki na upangaji wa vyombo ni wa Omura Masaaki. Kazi ya Omura isikilizwe kwa makini: besi inashuka hatua kwa hatua wakati sauti imesimama palepale, ndiyo maana sekunde 14 tu zinatosha kukuonjesha huzuni yote.

FundiMitambo

Kuficha jina la mwimbaji ni mbinu iliyofanya kazi kwa sababu mtu alilazimika kutafuta. Ila ina masharti. Kwanza, santuri iwepo dukani tayari siku tangazo linapoanza. Pili, kampuni ya rekodi ikubali ukimya huo. La kwanza likikosekana, hamu inapoa kabla mzigo haujafika.

Hakimiliki_Pwani

Wakuu, nimefuata mjadala kimya, sasa niseme la haki, maana ndilo linaloamua wimbo gani unaingia kwenye tangazo.

Kuna haki mbili tofauti. Moja ni ya utunzi, yaani mashairi na muziki. Nyingi husimamiwa na JASRAC, chama cha hakimiliki ya muziki cha Japani, lakini matumizi ya tangazo hayana bei ya kudumu kama ilivyo kwa redio: mwenye utunzi au mchapishaji wake anaulizwa na anataja bei yake. Ya pili ni ya masta, ile rekodi yenyewe, na hiyo iko kwa kampuni ya rekodi au waliogharimia studio. Ukitaka rekodi maarufu kama ilivyo, unalipa pande zote mbili, na upande mmoja ukikataa umekwama.

Ndiyo sababu matangazo mengi ya Japani yana wimbo unaoujua kwa sauti usiyoijua. Ukirekodi upya unahitaji ruhusa ya utunzi tu, masta inakuwa yako, na unaweza kurekodi mara ya kwanza moja kwa moja kwa urefu wa sekunde 29 na 14. Mfano mkubwa kuliko yote ni "Itoshi no Ellie" wa bendi ya Kijapani Southern All Stars, wa 1979, mtunzi Kuwata Keisuke. Mwaka 1989 Ray Charles aliuimba kwa Kiingereza kama "Ellie My Love" kwa tangazo la Suntory White. Utunzi wa Kijapani, sauti ya Marekani, rekodi mpya.

Kosa la kawaida la wanaoiga utaratibu huu ni kupata ruhusa ya kurekodi upya, kisha kuiga upangaji wa vyombo na sauti ya mwimbaji wa kwanza mpaka msikilizaji adhani ndiye. Hapo unaalika kesi nyingine kabisa.

Kisauti

Umegusa wageni, basi tuwamalize. Sammy Davis Jr. kwa Suntory White, mwanzoni mwa miaka ya 1970: yuko peke yake, anamimina, anatikisa barafu, na muziki wote anautoa mdomoni, silabi za kubuni papo hapo, mpaka jina la kampuni linakuwa sehemu ya mdundo. Hakuna bendi. Kwa ufundi wa tangazo hilo ni somo, maana barafu ndiyo ngoma yake.

David Bowie, 1980, shochu ya Jun ya Takara Shuzo. Muziki ni "Crystal Japan", wa ala tupu, ulitolewa Japani kama santuri ndogo mwaka huohuo. Picha zilipigwa Kyoto.

Mark Goldenberg, mpiga gita wa Marekani, ndiye wa Suntory Royal ya 1983, lile tangazo la mshairi Rimbaud lenye msafara wa ajabu jangwani. Muziki wake ni wa sintesaiza, unazunguka bila kufika mwisho, na ndiyo sababu mtu anabaki na kiu ya kuusikia tena.

Kisha Kathleen Battle, 1986, Super Nikka. "Ombra mai fu" ya Handel, kutoka opera ya 1738. Mwongozaji alikuwa Jissoji Akio. Mwimbaji amesimama kwenye mandhari ya maji, anaimba, basi. Wimbo huo una noti ya kwanza inayovutwa muda mrefu, na aliyehariri alithubutu kuiacha ivutwe. Kwenye TV, sekunde nne za noti moja ni ujasiri mkubwa. Watu walienda kutafuta rekodi ya opera kwa sababu ya tangazo la wiski.

Mwana_Tarumbeta

Shochu nyingine msiisahau: Iichiko, ya shayiri, ya Sanwa Shurui kutoka mkoa wa Oita, iliyoanza 1979. Matangazo yao hayana nyota. Ni mandhari, na chupa ndogo mahali fulani ndani yake, sawa na mabango yao ya stesheni. Waimbaji wao wa miaka mingi ni ndugu wawili wa Billy BanBan. "Mata Kimi ni Koishiteru" ulitoka 2007, mashairi Matsui Goro, muziki Mori Masaaki. Mwaka 2009 Sakamoto Fuyumi, mwimbaji wa enka, akautoa kwa sauti yake, nao ukavuma kuliko wa kwanza.

Nadhani siri ni kwamba sauti ya mwanamke wa enka aliyeacha enka pembeni inafanana na kile Ishikawa alichofanya 1990. Koo lenye nguvu likizuiwa, msikilizaji anausikia uzito uliozuiwa.

FundiMitambo

Kweli kabisa dada. Nimalizie na kanuni za sasa, kwa anayetaka kulinganisha matangazo ya zamani na ya leo.

Kampuni za pombe zina kanuni walizojiwekea. Hakuna tangazo la pombe kwenye TV kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12 jioni. Kuanzia 2016 wameacha mlio wa kugugumia bia na picha ya koo likimeza kwa karibu, na anayeonekana kwenye tangazo awe na miaka 25 au zaidi. Onyo la umri wa miaka 20 linabaki, hata baada ya umri wa utu uzima kushushwa hadi 18 mwaka 2022.

Ule mlio wa koo ulikuwa unajaza sekunde mbili hivi za tangazo la bia, na ulikuwa kilele chake. Ulipoondoka, pengo linabaki hapohapo kabla ya jina kutajwa. Ukijaza kwa ala, hakikisha ni chombo kimoja. Ukirundika bendi nzima, jina linafunikwa.

Na ukubwa wa sauti: tangu Oktoba 2012 vituo vya Japani vinapima wastani, na lengo ni -24 LKFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Masta ya zamani iliyobanwa (sauti ndogo na kubwa zimesawazishwa) ikaletwa kwa kipimo hicho inashushwa yote, inasikika bapa na ya mbali. Rekodi yenye kupanda na kushuka inafaidika, kilele chake kinapumua. Kwa hiyo usikubali masta ya CD, omba mchanganyo ambao haujabanwa.

Kisauti

Mmoja hatujautaja: Yebisu, bia iliyo chini ya Sapporo, inayotengenezwa tangu 1890. Muziki wa matangazo yake ni ule wa zeze la Anton Karas kutoka filamu "The Third Man" ya 1949. Stesheni ya Ebisu ya Tokyo ilianza kama kituo cha kusafirishia bia hiyo, mwaka 1901, na mtaa ukachukua jina la bia. Tangu 2005 muziki huohuo unapigwa pale treni ya JR inapotaka kuondoka.

Hakimiliki_Pwani

Kwa wanaotafuta rekodi: usinunue kwa kichwa cha wimbo pekee. Nyimbo hizi zina rekodi ya tangazo, rekodi ya santuri na za waimbaji wengine, na mara nyingi ya tangazo haikuuzwa kamwe. Linganisha urefu, jina la mwimbaji lilivyoandikwa (SAYURI au Ishikawa Sayuri), na mwaka. Wa Suntory Old utafute chini ya jina la Kobayashi Asei, kwenye makusanyo ya nyimbo zake za matangazo.